Uko Nyuma ya Nani?

Bofu, Likoni
Jumapili, 12 Februari 2023

Mama Changawa,

Shikamoo. Fondo wa mbuzi ameniambia Jumatano anapanda huko Bamba kununua mifugo, basi nimekaa na kalamu tangu nitoke kanisani. Simu yako nimeipiga wiki mbili. Yule mwanamke wa mashine ameniambia hupatikani mpaka nimeanza kumchukia, na hana kosa maskini.

Bibi anaendeleaje? Ule mkono uliopooza umeanza kushika kitu? Tunamwombea kila Jumapili kwa jina, na padri sasa anamtaja hata kabla hatujamkumbusha.

Habari za langoni, pale godauni la choroko, ni njema. Zamu inakwenda. Tumefika hamsini na wanane, na juzi amejiunga Judy, msichana wa mtaa wa Shika Adabu ambaye hajawahi kuchagua choroko maishani mwake. Tukiwa kwenye feri akaniuliza mambo haya yalianzaje. Nikamsimulia tangu tulipopanda mpaka tuliposhuka ng'ambo, na abiria wengine wakasogea kusikiliza. Nikamwambia jinsi Baya nyapara alivyokuwa akipanda juu ya kreti kila alfajiri na kutunyooshea kidole, wewe, wewe, na wewe, kama anachagua nyanya sokoni. Aliyemchekea aliingia. Aliyekubali kumfuata nyuma ya stoo aliingia wiki nzima. Sisi wengine tulirudi Likoni na vibakuli vyetu vya chakula havijafunguliwa.

Halafu nikamwambia siku ile kidole kilipokuangukia wewe, nawe ukasema, "Mimi niliingia jana. Leo zamu ni ya Dhahabu." Baya alidhani umerukwa na akili. Siku tisa hukuingia, mama, na mimi nilikuwa pale nikikutazama na kusema moyoni, huyu mwanamke atakufa njaa kwa ukaidi. Siku ya kumi tulikuwa wanne, na wote wanne tulisema zamu ni ya Dhahabu. Nikamwambia pia jinsi Baya alivyotupokonya ile karatasi ya majina ya zamu akaichana, nawe ukasema basi hatuna haja ya karatasi, kila mtu ashike kichwani jina la aliye mbele yake. Judy alinitolea macho. Akaniuliza, "Sasa yuko wapi huyo mama?"

Kuhusu hilo, nataka ujue tumekuwekea nafasi yako. Najua kanuni ni kwamba asiyekuwepo akirudi anaanzia nyuma. Lakini wewe si sisi. Mbele kabisa ya mstari tunaacha hatua moja ya ardhi wazi, na anayefuata akiulizwa yuko nyuma ya nani, anajibu, "Niko nyuma ya Kafedha." Kila siku. Nilitoa mimi shauri hilo na hakuna aliyepinga hata mmoja. Mwenzio husikia fahari mpaka mwili unanisisimka.

Rudi ukiwa tayari. Ardhi yako ipo.

Mwanao,
Lynnette


Bamba
Jumapili, 26 Februari 2023

Lini mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka beberu, lakini imefika. Simu huku ni ya kutazamia saa. Ukitaka mtandao upande kilima kule shuleni, na mimi siwezi kumwacha mama yangu Mayo peke yake muda huo wote.

Mama yangu anakula uji na ananitukana, kwa hiyo anaendelea vizuri. Mkono bado. Jana alishika kijiko akakiangusha, akanilaumu mimi. Namgeuza mwanamke mzima kitandani mara sita kwa siku, na kila nikimgeuza nauuliza mgongo wangu kama ungependa turudi kwenye magunia. Mgongo unasema afadhali magunia.

Pale uliposema habari ya ile hatua ya ardhi nimepasoma mara tatu. Nisikufiche, nilifurahi. Mtu ukikaa mbali na kazi yako unaanza kudhani umekufa, nawe umeniambia kwamba niko hai na ninasimama mbele. Wasalimie wote, na Dhahabu umkumbatie.

Sasa maagizo. Baya akianza kuwa na adabu, mwogopeni. Wale wanawake wa godauni la ufuta, jirani yenu, msiwangoje waje kuuliza, nendeni nyinyi. Anzeni na wawili watatu wenye vichwa vigumu, msianze na wapole. Na ukumbuke, sisi hatugombanii choroko. Tunataka siku moja magodauni yote ya Changamwe yasiwe na mtu wa kunyoosha kidole. Hiyo si kazi ya mwaka huu wala ujao, kwa hiyo kula vizuri na ulale.

Na punguza hicho Kiswahili chako cha bara unapoandika. "Nikamwambia, nikamwambia." Umezaliwa Likoni, nani alikufundisha kuharakisha maneno hivyo?

Mimi,
Kafedha


Bamba
Ijumaa, 17 Machi 2023

Lini,

Anayekuletea barua hii ni Dama, mke wa kaka yangu Nguma. Nguma ameondoka tangu Desemba na hatujui aliko. Dama ana watoto watatu na shamba halina kitu, mvua imetuapiza.

Mpe nafasi yangu. Awe anaingia kwa jina langu mpaka nitakaporudi. Nafasi ni yangu na mimi ndiye ninayeitoa, kwa hiyo hakuna anayedhulumiwa. Ukiulizwa, wasomee barua hii.

Mpokee kama ungenipokea mimi.

Kafedha


Bofu, Likoni
Jumapili, 16 Aprili 2023

Mama Changawa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Nimechelewa kuandika, unisamehe. Fondo alikwenda mara mbili na mara zote mbili alinikuta sijamaliza barua.

Furaha kubwa ni hii: godauni la ufuta wameanza! Tulikwenda kama ulivyosema, tukawatafuta wenye vichwa vigumu. Tukampata mmoja anaitwa Pascalia, mama kijana kutoka Changamwe, ambaye aligombana nasi saa nzima. Alituambia sisi ni wapumbavu, kwamba njaa haina zamu. Siku ya tatu akaja mwenyewe langoni kwetu kutazama tunavyofanya. Sasa ndiye anayewafundisha wenzake. Wana watu ishirini na sita kule. Nyapara wao amewafungia siku nne na hawajatawanyika. Ungewaona, mama! Wanakaa chini wanasukana nywele mpaka lango lifunguliwe.

Dama ni mzima. Ana mkono mwepesi, ungo anauchezea tu na choroko zinajitenga zenyewe. Anakaa kwangu, watoto amewaacha kwa mama yake kama unavyojua. Watu wanampenda.

Hapa Bofu maji yamekatika tena. Mama Ronny jirani yangu amenunua kuku wanne na wote wanne wanalala mlangoni pangu. Padri amehamishwa. Mambo mengine tutazungumza ukija, kuna habari ndefu ambazo karatasi haitoshi.

Bibi nampenda ingawa hanijui. Kijiko je?

Mwanao,
Lynnette


Bamba
Jumapili, 30 Aprili 2023

Lynnette,

Karatasi haitoshi kwa jambo langu, lakini kuku wa Mama Ronny wametoshea.

Dama amerudi jana. Sikumuuliza kitu nikampa maji ya kuoga, akaoga, akala, ndipo akaanza kulia. Ameniambia kwamba aliingia wiki moja tu kwa jina langu. Kwamba baada ya hapo aliambiwa aende nyuma aanze kama yeyote. Kwamba ile hatua ya ardhi haipo tena. Kwamba mlikaa nyuma ya kanisa mkapiga kura na jina langu mkaliondoa, mwezi mzima uliopita, nawe ulikuwepo, ukaniandikia habari za nywele.

Sasa na mimi nikuulize. Siku zile tisa alikaa njaa nani? Aliyefukuzwa na askari wa lango akatupiwa kibakuli chake barabarani alikuwa nani? Judy wa Shika Adabu alikuwa wapi? Mimi ndiye niliyewashika mkono mmoja mmoja, wewe ukiwa wa pili, Lini, ulikuwa unatetemeka mpaka nilikupa leso yangu. Nimewaomba kitu kimoja tu tangu tuanze. Kimoja! Tena si changu, ni cha mwanamke mwenye watoto watatu.

Niambie mkono wa nani uliinuka wa kwanza. Nataka kumjua tu.

Kafedha


Bofu, Likoni
Jumapili, 14 Mei 2023

Mama Changawa,

Shikamoo.

Mkono wa kwanza ulikuwa wangu.

Sasa nitakueleza yote, na kama utaitupa barua hii jikoni, itupe baada ya kuisoma.

Dama alikuja Jumatatu. Niliwasomea barua yako kwa sauti, nikamweka pale mbele, akaingia. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilidhani wamenyamaza kwa heshima yako, na kweli ilikuwa heshima. Jumanne Judy hakuja, alikuwa amepata kazi ya kufulia watu, akamtuma mdogo wake na kikaratasi: mpeni nafasi yangu. Ningemkataliaje, mama, na jana yake mimi mwenyewe nimesoma chako? Jumatano vilikuja vikaratasi vitatu. Ijumaa vilikuwa saba. Mwanamke mmoja alileta cha shemeji yake ambaye hajawahi kufika langoni tangu azaliwe. Watu waliosimama tangu feri ya kwanza walirudi nyumbani, na wenye vikaratasi waliingia.

Ijumaa hiyo Baya alitoka nje. Hakupanda kreti. Alisimama tu mikono mfukoni akitutazama tukisomeana barua, akacheka. Akasema, "Kumbe tuko sawa. Ila mimi natumia kidole, nyinyi mnatumia kalamu." Kisha akawa na adabu sana. Akasema ile nafasi ya Mama Changawa ni haki yake, tena yeye mwenyewe ataiheshimu milele. Nikakumbuka ulivyoniandikia tumwogope akiwa na adabu.

Jumamosi watu kumi na wawili hawakuja. Walikwenda kwenye malango mengine, kwenye vidole vingine.

Jumapili tukakutana kwenye banda nyuma ya kanisa, Shika Adabu. Dhahabu akasimama. Dhahabu wako, mama, yule uliyempa zamu ya kwanza. Alilia kabla hajasema kitu. Akasema, "Ile hatua ya ardhi tuliiacha kwa mapenzi, na imetutoboa. Kama Kafedha angekuwa hapa angekuwa wa kwanza kuifunga." Akauliza nani anakubali. Hakuna aliyeinua mkono. Wote walinitazama mimi, kwa sababu shauri lilikuwa langu.

Nikauinua. Nilikuwa natetemeka kama siku ile, na leso yako bado ninayo.

Hatukumfukuza Dama. Alisimama nyuma akaingia zamu yake ilipofika, mara tatu, mara nne. Nadhani alishindwa na aibu, na aibu hiyo ilikuwa yangu mimi niliyempitisha mbele ya watu. Wale kumi na wawili wamerudi wote, na wengine juu yao.

Kwa ule mkono sikuombi msamaha. Nimejaribu kuandika kwamba nakuomba, nikafuta. Naomba msamaha kwa kukuficha. Niliogopa usije ukaacha kunipenda, basi nikakuandikia habari za kuku. Ulistahili kuambiwa ukweli siku ile ile, wewe kuliko mtu yeyote, na nimekosa.

Lynnette


Bofu, Likoni
Jumapili, 18 Juni 2023

Mama Changawa,

Shikamoo. Fondo amekuja na mbuzi mara tatu tangu nikuandikie, na mara tatu hana barua. Nimemuuliza kama uko mzima, akasema alikuona kisimani na ulimwamkia vizuri. Hilo limenitosha.

Nakuandikia kukujulisha tu, kwa sababu sasa nimeapa nitakujulisha. Kwenye malango mawili tuko watu mia na kumi. La tatu, la kahawa, wametuma mtu kuuliza. Tumeona wakongwe tusikae mahali pamoja tukageuka wazee wa kanisa, kwa hiyo mimi nimehamia kwenye ufuta, nikaanzia nyuma, na Pascalia amekuja kwenye choroko, naye akaanzia nyuma. Nusu ya wanawake wa choroko sasa siwajui majina. Inanitia wivu kidogo.

Nikikosea kufunga kamba ya gunia siku hizi, husikia sauti yako ikinigombeza. Endelea kunigombeza, hata kama ni kichwani mwangu tu.

Mwanao, kama bado,
Lynnette


Likoni
Jumanne, 11 Julai 2023

Lini mwanangu,

Barua hii namwachia Mama Ronny, ambaye kuku wake wamenidonoa miguu yote miwili. Wewe uko kwenye ufuta mpaka jioni na lori la Fondo linaondoka saa nane, kwa hiyo hatutaonana. Dada yangu amekuja kukaa na Mayo siku mbili, ndipo nikapata nafasi ya kushuka. Na kijiko anakishika sasa. Ananirushia.

Nimekuja kugombana. Lazima nikuambie hivyo kwanza. Barua yako ya Mei niliisoma nikaiweka chini ya godoro, na kila usiku ilinichoma mbavu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuwaambia wote, moja baada ya jingine. Nilikusudia kufika langoni, nisimame mbele pale pale pangu, nione mwanamke gani atakayethubutu kuniondoa.

Basi jana nililala kwa mtu hapa Likoni, kwako sikutaka kufika, na leo nimevuka na feri ya kwanza. Nimefika kabla hakujapambazuka sawasawa, nikatua mfuko wangu mbele kabisa, nikashika kiuno. Kuna mwanamke kijana alikuwa pale, amefunga leso ya maua ya manjano. Akaniamkia vizuri. Akaniuliza, "Mama, uko nyuma ya nani?"

Nikasema, "Mimi siko nyuma ya mtu."

Akasema, "Kila mtu yuko nyuma ya mtu, mama."

Nikamwambia, "Mimi ni Kafedha." Nikangoja. Lini, nilingoja ule uso ubadilike. Akanipa mkono akasema, "Karibu, Kafedha. Mimi naitwa Pascalia. Wa mwisho ni Ruth, yule mwenye kilemba cha kijani. Nenda kwake umpe jina lako."

Nikawa nimefungua kinywa kumwambia yeye ni nani na mimi ni nani, na Baya akatokea. Amenenepa. Aliponiona akaja mbio kama tumekula kiapo cha ndugu. "Mama Changawa! Umerudi! Pita, pita ndani, usisimame hapa na watoto. Wewe ndiye mwenye mahali hapa." Akanishikia mlango mdogo wa lango uwe wazi.

Nisikufiche, mguu wangu uliinuka. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira, na huyu mtu alikuwa wa kwanza tangu Mei kuniambia kwamba mimi ni mtu. Mguu ukiwa juu nikamtazama Pascalia. Hakunikasirikia. Alikuwa anaogopa. Mstari mzima ulikuwa unanitazama mguu, na nikaelewa kwamba nikiuweka chini upande ule, wataanza upya, na mara hii sitakuwa mimi wa kuwaanzisha.

Nikamwambia Baya, "Zamu ni ya Pascalia. Mimi ndiyo kwanza nafika."

Nikaokota mfuko wangu nikaenda nyuma. Ni mbali siku hizi, Lini! Zamani nilikuwa nageuka tu naona mwisho wa mstari. Leo nimetembea mpaka kwenye kona ya ukuta. Katikati nikamkuta Dhahabu. Alinibana mkono mpaka vidole vikauma, nami nikambana. Nikapita kabla sijamwambia kwamba alisema kweli kule nyuma ya kanisa. Mwambie wewe.

Na wewe nikwambie mwenyewe: mkono wako ulikuwa mkono mzuri. Ungechelewa kuuinua, leo nisingekuwa na mahali pa kurudi. Kunificha nimekusamehe, lakini usirudie, na hao kuku usiniandikie tena.

Sasa nikueleze ya Ruth, kisha nikimbilie lori.

Ruth ana miaka ishirini hivi, anatoka Mtongwe, ana wiki mbili langoni. Aliniona mtu mzima nimesimama pale nimeduwaa, akanionea huruma. Akanishika bega akaanza kunifundisha. Akasema, "Shika jina langu, mama. Wakikuuliza, sema uko nyuma ya Ruth. Mtu akikuita mbele usiende, hata akiwa nani, hata akikuita kwa jina zuri. Mara ya kwanza ni ngumu. Utazoea." Nikaitikia, "Ndiyo mwanangu." Akanifanya nirudie, nikarudia.

Nikamuuliza, "Na haya mambo aliyaanzisha nani?"

Alifikiri kwa kweli, akakunja uso, alitaka kunijibu vizuri. Akasema, "Sijui, mama. Mimi nimeyakuta."

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu, nilivyokuwa sijalia siku zote tisa zile wala siku Mayo alipoanguka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile na sikuwa na mtu wa kumwambia. Ruth maskini akadhani nalia kwa sababu niko mwisho. Akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake, akanyoosha shingo akahesabu wanawake walio mbele yetu, akaniambia nisife moyo, Alhamisi na mimi nitaingia.

Niliye nyuma ya Ruth,
Kafedha